Mpimeni Kabla Hajatoka Wodini

Mtoto mwenye selimundu anaweza kujulikana siku anayozaliwa. Tone la damu ya kisigino linatosha. Kipimo kipo, dawa ya kuanzia ipo, chanjo ipo, muuguzi yupo, na mama yupo palepale kitandani amempakata mtoto. Kinachokosekana ni amri kwamba kila kichanga apimwe, na mtu wa kuisimamia amri hiyo.

Tunachofanya ni kungoja. Tunangoja mtoto avimbe vidole, macho yawe ya njano, aishiwe damu, alazwe mara tatu nne kwa kitu kilichoandikwa “malaria” au “upungufu wa damu”, ndipo siku moja daktari makini aagize kipimo chenyewe. Wengine siku hiyo haiwakuti. Wanazikwa, na matangani watu wanaambiwa ilikuwa homa.

Huu si ugonjwa wa nadra. Makadirio yanayotajwa na Wizara ya Afya na wataalamu ni kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Gawanya mwenyewe: ni watoto 30 kwa siku, zaidi ya mmoja kila saa. Watafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walipopima damu za watoto wachanga zaidi ya 17,000 wa Kanda ya Ziwa, walikuta mmoja kati ya watano amerithi nusu ya ugonjwa huu, na zaidi ya mmoja katika kila 100 anaumwa wenyewe. Muhimbili nayo ilipima vichanga wa Dar es Salaam kwa majaribio, ikakuta karibu mmoja katika kila 100. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hatujui ukubwa wa tatizo.

Tuiangalie damu yenyewe kidogo, maana visingizio vingi vinaishi kwa sababu watu hawaielewi. Mtu mzima ana kiasi cha lita tano. Zaidi kidogo ya nusu ni majimaji yenye chumvi, protini na chakula. Karibu yote yaliyobaki ni chembe nyekundu. Zimo pia chembe nyeupe zinazopambana na vijidudu, na chembe sahani zinazoziba jeraha. Kazi ya chembe nyekundu ni kuchukua oksijeni mapafuni na kuifikisha mwilini kote, na mchukuzi hasa ni himoglobini iliyojaa ndani yake. Chembe nyekundu nzima ni ya mviringo na laini. Inajikunja na kupenya kwenye vishipa vyembamba kuliko yenyewe, na huishi siku 120 hivi. Uloto ulio ndani ya mifupa hutengeneza nyingine mpya, takriban milioni mbili kila sekunde, kufidia zinazokufa.

Sasa, himoglobini imeundwa kwa minyororo ya protini. Mmoja wa minyororo hiyo, uitwao beta, una viungo 146. Kwa mwenye selimundu, kiungo cha sita kimebadilika. Ni hicho kimoja tu, lakini madhara yake ni makubwa: kila himoglobini inapoachia oksijeni, inashikamana na nyingine na kuwa nyuzi ngumu, chembe inakakamaa na kupinda umbo la mundu. Chembe hizo hukwama kwenye vishipa, na kiungo kilichokosa damu kinauma maumivu ambayo hata mtu mzima hulia. Tena hazidumu. Badala ya siku 120 zinavunjika baada ya siku 10 hadi 20, uloto haufui dafu, damu inapungua, na mabaki ya chembe zilizovunjika yanayafanya macho kuwa ya njano.

Haya hayajajulikana jana. Daktari James Herrick wa Chicago aliandika juu ya chembe hizi zilizopinda mwaka 1910. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba kosa limo ndani ya himoglobini yenyewe. Miaka michache baadaye Vernon Ingram, huko Cambridge, akakipata kiungo kilichobadilika. Zaidi ya miaka 110 imepita tangu Herrick aandike, na bado kuna mama atakayejifungua leo na kurudi nyumbani bila mtu yeyote kumwambia damu ya mwanawe ni ya namna gani.

Urithi wenyewe ni rahisi kuuelewa. Mtoto hupokea nusu kwa baba na nusu kwa mama. Asiyepokea selimundu kwa yeyote huitwa AA, na aliyeipokea kwa mzazi mmoja tu huitwa AS. Kwa kawaida haumwi, tena malaria kali haimwezi kirahisi. Ndiyo maana hali hii imejaa pwani na kando ya Ziwa Victoria, kwenye mbu, na ni haba kwenye nyanda za juu zenye baridi. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi wake mwaka 1954 baada ya kupima watu wa Afrika Mashariki. Aliyepokea kwa wazazi wote wawili, yaani SS, ndiye mgonjwa, na kwake hiyo malaria ni muuaji. Baba na mama wakiwa AS wote, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Kuzaa mmoja mgonjwa hakuwakingi wanaofuata.

Hapa ndipo penye jambo ambalo kila anayepanga bajeti ya afya angepaswa kulijua kwa moyo. Mtoto mwenye selimundu haumwi anapozaliwa. Anatoka tumboni na himoglobini ya utotoni, ambayo haina kosa hilo, na inamlinda kwa miezi ya mwanzo. Inapungua taratibu, na kufikia miezi sita hivi kinga hiyo imekwisha. Tumepewa nusu mwaka wa kujiandaa. Tunautumia kufanya nini? Kumpima uzito na kumwambia mama mtoto anaendelea vizuri.

Baada ya hapo mambo huenda haraka. Kwa watoto wengi dalili ya kwanza ni mikono na miguu kuvimba kwa juu, vidole vimenenepa na kuuma, mtoto analia akiguswa. Bibi anakanda kwa mafuta ya nazi. Jirani anasema amebemendwa, na ndoa inaingia mashakani kwa jambo lisilohusika hata kidogo. Tumbo likivimba upande wa kushoto, mtoto anapelekwa kuchanjwa chale juu ya bandama. Zahanati inampa dawa ya malaria na sharubati ya madini ya chuma. Nyumbani anakamuliwa bitiruti na kuchemshiwa rozela.

Bitiruti haina ubaya, ila haitibu selimundu. “Kuishiwa damu” si ugonjwa mmoja. Yupo aliyepungukiwa chuma kwa sababu ya lishe duni au minyoo, na huyo chuma kitamsaidia. Yupo ambaye malaria imemvunjia chembe. Yupo mwenye saratani ya damu, ambaye uloto wake umeacha kazi. Mwenye selimundu kwa kawaida tatizo lake si chuma: chembe zake zikivunjika chuma kinabaki mwilini, na akiongezewa damu mara kwa mara kinazidi hadi kudhuru ini na moyo. Yeye anahitaji foliki asidi ya kusaidia uloto kutengeneza chembe mpya. Usipopima huwezi kujua unamtibu yupi. Unabahatisha, na anayelipa gharama ya kubahatisha ni mtoto.

Kinachoua mapema zaidi si maumivu. Ni bakteria. Bandama ndicho kiungo kinachochuja damu na kunasa vijidudu, na kwa mtoto mwenye selimundu huharibika ndani ya miaka michache ya mwanzo. Bakteria wa nimonia akiingia kwenye damu, mtoto huyo anaweza kucheka asubuhi na kuwa amekufa usiku. Anayesema “wataonekana tu wakiugua” ajue kwamba kwa baadhi ya watoto ugonjwa wa kwanza ndio wa mwisho.

Dawa ya kuzuia hilo ni penisilini ya kunywa, asubuhi na jioni, hadi mtoto afikishe miaka mitano. Ni penisilini ileile ya miaka yote. Mwaka 1986 yalichapishwa Marekani matokeo ya utafiti uliolipa kundi moja la watoto wenye selimundu dawa hiyo. Maambukizi yalipungua kwa asilimia 84, na utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima wale wa kundi jingine. Yaliyobaki ni chanjo ya nimonia, ambayo tayari imo kwenye ratiba ya kila mtoto, foliki asidi, chandarua na dawa ya kuzuia malaria, maji mengi ya kunywa. Katika orodha hiyo hakuna kitu ambacho hospitali ya wilaya haikijui.

Tena kuna dawa isiyonunuliwa. Mwaka 1973, Kingston nchini Jamaika, Graham Serjeant na wenzake walianza kupima vichanga katika hospitali ya wazazi ya Victoria Jubilee. Waliokutwa na ugonjwa walifuatiliwa, na mama zao wakafundishwa kuipapasa bandama. Hatari yenyewe ni hii: wakati mwingine damu hujikusanya ghafla kwenye bandama, tumbo linavimba, midomo na viganja vinapauka, na mtoto anaweza kufa ndani ya saa chache. Kuifundisha kazi hiyo hakuhitaji shahada. Mlaze mtoto chali, weka vidole chini ya mbavu za kushoto, bonyeza taratibu, na akivuta pumzi utaisikia bandama ikigusa vidole. Mama akionyeshwa leo imefika wapi, siku ikizidi ataijua kabla ya daktari. Jamaika watoto wengi zaidi waliwahishwa hospitali, na vifo vya aina hiyo vikapungua sana. Nusu karne imepita.

Sasa tusikilize visingizio, kimoja kimoja.

Cha kwanza ni fedha. Tunaambiwa kupima kila kichanga ni gharama. Ni kweli si bure. Lakini kumngoja augue nako kuna bei: vitanda vya wodi ya watoto, chupa za damu, dawa za sindano, mtoto wa miaka sita aliyepata kiharusi na kupooza upande mmoja, mama aliyeacha biashara yake ya mbogamboga kwa sababu kila mwezi yuko hospitali. Tunafanana na mwenye nyumba inayovuja, anayenunua ndoo kila masika na kulalamika kwamba bati ni ghali.

Chukua hiyo chupa ya damu peke yake. Mtoto amefika usiku, damu imeshuka, benki ya damu haina kundi lake. Baba anaambiwa alete watu wa kuchangia. Anasimama getini na simu yenye chaji kidogo, anawapigia wenzake wa kijiweni, mmoja yuko safarini, mwingine hajala, wa tatu anaogopa sindano. Saa zinakwenda. Tunawashukuru wanaochangia kwa hiari, na tungependa wawe wengi zaidi. Lakini sehemu ya damu hiyo isingehitajika kama mtoto angeanza kliniki akiwa na miezi miwili.

Kisingizio cha pili ni mashine na maabara. Uganda ilishakijibu. Kati ya mwaka 2014 na 2015 walichukua sampuli za damu kavu zilizokuwa zimekusanywa nchi nzima kwa ajili ya kupima VVU kwa watoto wadogo, wakazipima selimundu hizohizo katika maabara moja Kampala. Sampuli karibu 98,000. Walikuta asilimia 13.3 ni AS na asilimia 0.7 ni SS, na wakajua wilaya zipi zimeelemewa zaidi. Karatasi ilikuwa ileile, damu ileile, na usafiri uleule. Bugando nao walitumia njia hiyohiyo. Mtandao wa kupeleka sampuli za damu kavu Tanzania tunao, na umefanya kazi nzuri kwa VVU. Nani amekataza karatasi hiyo ipimwe mara mbili?

Na pale ambapo karatasi itachelewa kurudi, siku hizi vipo vipimo vya papo hapo: tone la damu, kijiti, dakika chache, mistari inasomwa. Muuguzi anayesoma kipimo cha malaria cha namna hiyo atakisoma na hiki. Tahadhari iwe moja: kipimo cha zamani cha kuangalia tu kama chembe zinapinda hakifai kwa kichanga, kwa sababu himoglobini ya utotoni inaficha ukweli, na hata kwa mkubwa hakitenganishi AS na SS. Wanunuzi wasituletee hicho kwa kuwa ni rahisi, kisha wakasema wameanza kupima.

Cha tatu: hatuna mabingwa wa damu wa kutosha. Hatuna, kweli. Lakini penisilini haihitaji bingwa. Foliki asidi haihitaji bingwa. Kumwambia mama “homa yoyote ni safari ya hospitali, usingoje asubuhi” hakuhitaji bingwa. Bingwa anahitajika kwa mtoto aliyepata kiharusi au ambaye dawa za kawaida zimegonga mwamba, na tukiwahi wengine kundi hilo litakuwa dogo. Ghana walianza kupima vichanga Kumasi mwaka 1995, chini ya Kwaku Ohene-Frempong. Kumasi haikungoja kwanza kila zahanati ipate bingwa.

Cha nne ndicho kinachopendwa na wahubiri na wanasiasa: vijana wapime kabla ya ndoa. Wapime, tunaunga mkono. Ila tuwe wakweli. Watoto wengi hawangoji cheti cha ndoa. Na wachumba waliokwisha kupendana, posa imeshatolewa na sare za shughuli zimeshashonwa, si wote watakaoachana kwa sababu ya herufi mbili kwenye karatasi. Saudi Arabia imelazimisha kipimo kabla ya ndoa tangu mwaka 2004, na bado wachumba wengi waliojua hatari walioana, hasa miaka ya mwanzo. Hiyo ni haki yao. Lakini mtoto atakayezaliwa usiku wa leo hakushirikishwa kwenye mjadala huo. Ushauri kwa wachumba hauchukui nafasi ya kumpima aliyekwisha kuzaliwa.

Cha tano kinasemwa kwa sauti ya chini: mkipima mtavunja ndoa. Ndoa zinavunjika sasa hivi, kwa kutokujua. Mtoto akiugua kila mara, mama ndiye anayeambiwa kwao kuna mkosi. Baba anahama chumba, kisha anahama nyumba. Karatasi ya kipimo ndiyo ingemtetea mama huyo, maana haiwezekani mtoto akawa SS kwa damu ya mama peke yake. Muuguzi akiwaita wote wawili na kuwaeleza hivyo waziwazi, ameokoa zaidi ya mtoto.

Kupima bila kufuatilia ni kupoteza muda, na hapo tunakubaliana na wenye wasiwasi. Kwa hiyo njia ya kumfuatilia mtoto iwe ileile ambayo mama anaipita tayari. Anajifungua, mtoto anapata BCG na matone ya polio. Damu ya kisigino ichukuliwe hapohapo. Wiki ya sita anarudi kwa chanjo. Majibu yamngoje huko. Aliyejifungulia nyumbani, au aliyetoka kabla hajapimwa, apimwe siku hiyo ya chanjo. Kwenye kadi ya mtoto uwepo mstari mmoja unaojazwa lazima, sawa na uzito: AA, AS au SS. Mwenye SS aondoke siku hiyo na penisilini mkononi, foliki asidi, tarehe ya kliniki na namba ya simu ya kituo. Asiporudi, apigiwe simu, au mhudumu wa afya wa kijiji amfuate. Wahudumu hao hufuatilia wanaoacha dozi za kifua kikuu. Kazi hii si ngeni kwao.

Akikua kidogo kuna haidroksiyurea. Dawa hii ilikubaliwa Marekani mwaka 1998 kwa watu wazima wenye selimundu. Huongeza ile himoglobini ya utotoni na kupunguza chembe kupinda. Kwa muda mrefu madaktari wengi walihofia kuwapa watoto wa Afrika, wakidhani huenda ikawaweka wazi kwa malaria na maambukizi. Hofu hiyo imejibiwa hapahapa Afrika. Utafiti mmoja wa Uganda ulitoka mwaka 2017, na mwingine, uliohusisha zaidi ya watoto 600 wa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, ulitoka mwaka 2019. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua, na malaria nayo ikapungua. Kilichobaki ni Bohari ya Dawa kuhakikisha ipo hadi hospitali za wilaya, kwa vipimo vya dozi vinavyomfaa mtoto, na isiishe ghafla katikati ya mwaka. Mzazi wa Sengerema asilazimike kusafiri kufuata vidonge mjini kila mwezi.

Tunajua kuna habari kubwa zaidi ya hizi. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba ya kuhariri jeni za mgonjwa, na bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Nyumbani, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma imeanza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Tunaipongeza kwa dhati. Kila mtoto anayepona pale ni ushindi. Ila tusijidanganye. Uloto unahitaji ndugu anayelingana na mgonjwa, wiki nyingi za kulazwa na fedha nyingi, na utawafikia wachache. Utepe unakatwa na picha zinapigwa kwenye tiba kubwa. Hakuna waziri anayealikwa kukata utepe wa chupa ya penisilini. Lakini mtoto hawezi kupandikizwa uloto akiwa na miaka saba kama alikufa akiwa na miezi tisa.

Walimu nao wana sehemu yao, na haiwagharimu kitu. Figo za mtoto mwenye selimundu haziwezi kubana mkojo sawasawa, kwa hiyo hukojoa mara kwa mara na wengine hukojoa kitandani hadi wamekuwa wakubwa. Mruhusuni atoke darasani. Mwacheni aje na chupa yake ya maji. Msimkimbize mchakamchaka kwenye baridi ya alfajiri, na akisema mguu unauma msimwambie anadeka. Bweni linalomchapa mtoto kwa kukojoa linamchapa kwa ugonjwa.

Wataalamu wamefanya sehemu yao. Tangu mwaka 2004 Muhimbili na chuo chake kikuu, kwa juhudi za Profesa Julie Makani na wenzake, wamefuatilia maelfu ya wagonjwa na kuifundisha dunia mengi kuhusu selimundu ya Kiafrika. Kila tarehe 19 Juni tunavaa fulana, tunaandamana na kusoma hotuba. Hotuba zimetosha.

Tunachotaka hakihitaji kamati nyingine. Wizara ya Afya itoe mwongozo wenye tarehe ya kuanza. TAMISEMI iuweke kwenye mipango ya halmashauri, kwa fungu lake lenyewe, usitegemee mradi wa mfadhili unaokwisha baada ya miaka mitatu. Kama haiwezekani kuanza nchi nzima kwa siku moja, anzeni Kanda ya Ziwa na Pwani, ambako tunajua ugonjwa umejaa, kisha songeni mbele mkoa kwa mkoa. Waganga wakuu wa wilaya waulizwe kuhusu kipimo hiki kwenye kila kikao, kwa ukali uleule wanaoulizwa kuhusu chanjo.

Wabunge, hasa wa mikoa ya Ziwa, wanayo takwimu ya watu wao mezani. Waitumie kwenye bajeti. Na mzazi usingoje mwongozo. Ukienda kujifungua au kumpeleka mtoto chanjo, uliza: mwanangu atapimwa selimundu lini? Ukiambiwa hakuna kipimo, uliza kipo hospitali gani. Wazazi wengi wakiuliza swali hilo kila Jumatatu, litafika linakotakiwa kufika.

Mwisho, namba zitangazwe kila robo mwaka, hospitali kwa hospitali: watoto wangapi wamezaliwa, wangapi wamepimwa, wangapi wamekutwa SS, na wangapi kati yao wameanza penisilini kabla ya miezi mitatu. Namba nne tu. Gazeti hili litaziomba kwa kila hospitali ya rufaa ya mkoa na kuzichapisha zilivyo. Itakayoshindwa kuzitoa, tutaichapisha kwa jina na nafasi yake tutaiacha wazi.